Chombo Kinachoitwa Baba

Mimi ni fundi viatu, na mdomo wangu una kazi mbili za halali: kushika misumari ninapopigilia soli, na kupuliza tarumbeta. Kuna ya tatu, ya kusema hovyo. Hiyo sikuajiriwa na mtu, najitolea. Mama watoto anasema ndiyo kazi pekee ambayo sijawahi kuichelewa. Nakataa, lakini kisa ninachosimulia hapa kitampa yeye ushindi, kwa hiyo nawaomba msimsomee.

Kibanda changu kiko chini ya ngazi za jengo la ghorofa. Tarumbeta yangu huning'inia kwenye msumari nyuma yangu, juu ya viatu ambavyo wenyewe walishavisahau. Mteja akiniuliza kiatu chake kitakuwa tayari lini, mimi namjibu habari za bendi. Wengi wao wameacha kuuliza.

Bendi yenyewe ni ya mtaa. Tunapiga kwenye harusi, mahafali na mazishi, na kwa kweli nyimbo zetu za mazishi ni nzuri kuliko za harusi, maana pale hata ukikosea watu wanadhani ni majonzi. Jirani yangu mwenye mashine ya kusaga ndiye anayepuliza besi. Nesi mmoja wa zahanati anapiga klarineti. Tarumbeta ya kwanza ni Fundi Umeme, kijana mwenye mashavu ya kuonea wivu. Ya pili ni kinyozi, ya tatu ni mimi. Kiongozi wetu tunamwita Kapteni. Jeshini hajafika. Jina alilipata kwenye mpira wa shule, goti likamtoa uwanjani, jina likabaki naye.

Zamani tarumbeta ya kwanza nilikuwa mimi. Nilikuwa na nota moja ya juu ambayo nikiishika kwenye harusi, watu walikuwa wanarusha kofia. Bibi harusi mmoja alisahau kama anaolewa, akageuka kuniangalia. Hayo nasema mimi, na shahidi ni mimi.

Kisha meno yangu ya mbele ya juu yakaniaga, nikawekewa ya bandia. Kwa kutafuna hayana kasoro. Kwa tarumbeta ni balaa. Nota za juu zinataka midomo ikandamizwe kwenye meno, na haya meno ukiyakandamiza yanasogea. Za chini zinatoka vizuri, nene, tamu. Za juu unatoka upepo na mate. Je, nilimwambia mtu? Mimi? Nikikosa nota nilikuwa najifanya nakohoa. Nilikohoa mwaka mzima kiasi kwamba nesi wa klarineti aliniletea dawa ya kifua, nikaimeza.

Sasa, karatasi za nota. Anayetuandikia ni binti yangu. Mchana anauza duka la dawa, akirudi anakaa na kompyuta yake mezani sebuleni na kuandika nyimbo za bendi kwa programu maalumu ya muziki. Unaweka nota kwenye mistari, inakupigia usikie, kisha inakutolea karatasi ya kila mpigaji. Lakini kabla ya yote inakuuliza: vyombo gani? Hapo inakumwagia orodha isiyo na mwisho, vinubi, kengele, filimbi za kila urefu, vitu ambavyo mtaa wetu wote haujawahi kuviona. Binti yangu alichoka kuvipita vyote hivyo kila siku ili afike kwenye besi ya jirani. Akaitengeneza orodha upya. Akaficha tusivyokuwa navyo, akabakiza vya kwetu tu. Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya kiti chake na kikombe cha chai, nikitikisa kichwa kama mkaguzi. Nilikuwa sielewi kitu.

Nilichokielewa ni kwamba karatasi yangu ilianza kukonda. Wimbo baada ya wimbo, nota ndefu, za chini, chache. Karatasi ya Fundi Umeme ilikuwa nyeusi kama njia ya siafu. Yangu ilikuwa nyeupe, ungeweza kuandikia barua. Nikadhani ni mtindo.

Halafu Jumapili moja, baada ya mazoezi, Kapteni akatuambia tukae. Soko jipya lilikuwa linafunguliwa, na bendi imeitwa kupiga. "Baada ya hapo napunguza watu," akasema. "Tarumbeta tatu ni nyingi kwa bendi ya watu kumi. Kila mtu apige karatasi yake, nitasikiliza." Hakunitazama. Lakini mtu asipokutazama makusudi, unajua.

Nilirudi nyumbani. Kiti changu kwenye bendi ile ni kila kitu nilicho nacho mbali na gundi na misumari. Nikajiuliza, mtu atasikilizwa vipi kwa karatasi nyeupe vile? Nimepewa nota za mtoto wa darasa la kwanza, halafu nihukumiwe kwa hizo? Nikaapa. Mke wangu akauliza naapa nini peke yangu jikoni. Nikamwambia natafuta chumvi.

Nikangoja siku binti yupo zamu na mama yake ameenda kumtazama mgonjwa. Nikafungua kompyuta. Nilikuwa nimemwangalia binti yangu akifanya kazi mara nyingi mno, nikaona naijua. Wateja wangu nao wamenitazama miaka nikishona viatu, na hakuna aliyewahi kushona chake. Wazo hilo halikunijia siku ile.

Wimbo wa soko nikaupata. Nikafungua vyombo. Orodha fupi ya binti yangu hiyo hapo: Besi, Jirani. Klarineti, Nesi. Tarumbeta ya Kwanza, Fundi Umeme. Tarumbeta ya Pili, Kinyozi. Ngoma. Na mwisho kabisa, chombo kinachoitwa Baba.

Si Tarumbeta ya Tatu. Baba tu, kana kwamba kuna kiwanda mahali kinavitoa.

Nikakibonyeza. Kikafunguka kidirisha: nota ya chini kabisa ya chombo hiki, nota ya juu kabisa ya chombo hiki. Ya chini ilikuwa sawa. Ya juu, jamani, ilikuwa katikati ya mistari, pale ambapo mtoto anayejifunza anaanza kupata moto. Juu ya hapo chombo Baba hakina kitu. Nikajaribu kuandika nota yangu ya kofia. Ikageuka nyekundu papo hapo. Nikaandika iliyo chini yake, nyekundu. Kompyuta inanikataza tarumbeta yangu, nyumbani kwangu, kwa umeme ninaoulipia mimi!

Damu ikanipanda. Mtoto niliyemfundisha kupiga mluzi! Kulikuwa na kitufe cha kufuta. Nikakibonyeza. Programu ikaniuliza: una uhakika? Mimi na uhakika hatujawahi kuachana. Nikabonyeza ndiyo. Chombo Baba kikatoweka.

Kisha nikabonyeza pale panaposema rudisha vyombo vyote, na vinubi vyote vikarudi, na kengele zote. Nikatafuta tarumbeta. Kumbe zipo za aina nyingi. Nikachagua ya juu kabisa kwenye orodha, kwa sababu mimi si mtu wa kukaa katikati ya orodha. Nikachukua mstari wa Fundi Umeme wote, nikaunakili, nikaubandika kwangu. Karatasi ikawa nyeusi tii, bila nyekundu hata moja. Nikafunga kompyuta, nikaifunika na kitambaa chake, nikaenda kazini naimba.

Siku ya mazoezi binti yangu alipeleka wimbo kuchapishwa mbio mbio akitokea dukani, hakuukagua. Angeukagua wa nini? Aliuacha mzima. Akaja na karatasi ukumbini, akazigawa, akakaa nyuma na kompyuta yake magotini. Mimi nilikuwa nimepaka hata viatu rangi.

Kapteni akanyanyua mkono. Tukaanza.

Sijui niseme nini. Iliingia sauti mbaya kama mlango wa chuma unaburutwa sakafuni. Kapteni akasimamisha. Tukaanza tena, mlango ukaburutwa tena. Nikageuka kwa Fundi Umeme nikamwambia, "Kijana, sikio lako leo umeliacha nyumbani?" Akasema, "Mzee, mimi nasoma kilichoandikwa." Nikasema, "Hata mimi nasoma! Ongeza pumzi!" Nikamgeukia kinyozi, nikamwambia naye kitu. Nikamwambia jirani besi yake ina maji. Nyani haoni kundule, na siku ile nyani alikuwa na tarumbeta mkononi.

Kapteni akasema, "Mmoja mmoja." Fundi Umeme akapiga peke yake, safi. Kinyozi akapiga na Fundi Umeme, safi. Nikapiga mimi na Fundi Umeme, na mlango ukaburutwa. Tulipofika kwenye nota za juu mlango ukanyamaza, ukabaki upepo. Nikakohoa. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Hawa watu hucheka hata kwenye mazishi.

Binti yangu alikuwa ameshakuja mbele. Akachukua karatasi yangu, akaitazama, akaitazama ya Fundi Umeme, akafungua kompyuta palepale juu ya ngoma. Nikamwona anatafuta chini ya orodha, anapanda, anashuka tena.

"Baba," akasema polepole, "nani amefuta chombo?"

"Chombo gani?" nikajitia hamnazo.

"Baba."

"Naam?"

"Chombo. Baba." Sasa jirani wa besi akacheka, na nikamchukia.

Akaeleza, naye hakuwa ananieleza mimi, alikuwa anamweleza Kapteni. Tarumbeta hazilingani. Nota ileile ukiipuliza kwenye aina kama yangu inatoka chini kidogo kuliko kwenye aina nyingine, na programu inaandika kila karatasi kwa hesabu hiyo, mradi uiambie ukweli una tarumbeta gani. Mtu fulani ameiambia tuna tarumbeta ambayo hatuna. "Na nakala sina," akasema. "Kile chombo kilikuwa humu tu." Akafunga kompyuta kwa nguvu kuliko inavyoipendeza kompyuta. "Si ungeniuliza, Baba?"

"Ningekuuliza vipi?" nikasema. "Mtoto niliyemzaa mimi?"

"Kwa mdomo, Baba. Unao."

Kapteni akawapa watu mapumziko, akanivuta nje, kwenye kivuli cha ukuta. Nilitegemea makelele. Makelele nayaweza, nina yangu. Lakini alisema kwa sauti ya chini. "Mzee wangu, mimi nilishakutoa. Zamani. Nilimwambia binti yako aache kukuandikia, nitakuja nikuambie mwenyewe taratibu. Siku ya pili akaniletea wimbo kwenye ile kompyuta, akasema sikiliza kwanza. Alikuwa ameweka tarumbeta moja chini, inashikilia pale kati ya besi na wenzako. Nikasikiliza. Nikaona kweli, siku zote bendi yetu ilikuwa na tundu pale. Nikamwambia haya, abaki, kwa karatasi hiyo." Akanyoosha goti lake bovu. "Ndiyo karatasi niliyosema nitaisikiliza, na ndiyo uliyoifuta."

Nikamuuliza kama bado kuna nafasi. Aibu gani ile, kuuliza!

"Mkija na karatasi kabla ya soko, ipo. Mkija na hii ya leo, rudi kwenye viatu. Na mficha uchi hazai, mzee. Kikohozi chako tunakijua sote."

Nyumbani mama watoto alikuwa ameshapata habari, sijui kwa upepo gani. Alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Mchuma janga hula na wa kwao," akaendelea kukunja. Binti alikaa mezani, ameshafungua programu, ameficha tena vinubi na kengele. Akabonyeza chombo kipya, kidirisha kikafunguka kitupu.

"Kaa," akasema. "Anza chini. Panda moja moja, nisikie."

"Mbele ya mama yako?"

"Mama ana nguo zake."

Nimeshapima miguu ya watu wengi sana. Kuna mwanamume huvuta vidole ndani ili kiatu kidogo kimwingie, kisha anarudi kwangu anachechemea kana kwamba ni kosa langu. Huwa nacheka akiondoka. Siku ile niliketi kwenye kiti cha plastiki, na vidole vyangu vyote vilikuwa ndani.

Nikapuliza ya chini kabisa. Ikatoka, sebule ikajaa. Binti akaandika. Nikapanda, ikatoka. Nikapanda tena. Nilikuwa nazitoa vizuri, nikaanza hata kujisikia. Tukafika pale mistari ya kati, pale chombo cha kwanza kilipoishia. Nikapuliza. Ikatoka nusu, ikapasuka.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Upepo.

"Pumzika, kunywa maji. Rudia."

Nikanywa maji. Nikayasukuma meno kwa ulimi, nikayakalisha. Nikapuliza mpaka masikio yakazibika. Hii haikuwa nota ya kofia, jamani. Nota ya kofia ilikuwa mbali huko juu, kama habari za watu wengine. Hii ilikuwa nota ya kawaida, nota ya kila mtu. Ikalia kidogo, ikakata.

Binti yangu mkono wake ulikuwa kwenye kipanya, haukwenda popote. Mama watoto alikuwa ameshika shuka moja muda mrefu, halikunji. Nikajua kwamba nikisema weka, ataweka. Ataiweka, aiandike kwenye wimbo, na mimi nitaikosa mbele ya soko zima, naye hatasema kitu.

"Hiyo usiweke," nikasema.

"Ilikuwepo kwenye ile ya kwanza, Baba."

"Basi imekwenda. Ishia kwenye iliyo chini yake. Ile ninayo."

Akaandika. Nikauma ulimi nisianze kueleza habari za bibi harusi. Ilibidi abadilishe sehemu mbili za wimbo, hapo palipohitaji nota iliyokwenda. Alifanya na mimi nimekaa kando, akinipigia kwenye kompyuta, ananiuliza, "Hapa pumzi itafika?" Nami namjibu ukweli. Kujibu ukweli ni kazi nzito, sijui nyinyi wengine mnaifanyaje kila siku.

Soko likafunguliwa. Jua kali, hotuba ndefu, mbuzi wa mtu akapita katikati ya wageni. Tukapiga. Nilishika nota zangu za chini kati ya besi na wenzangu, sikukohoa hata mara moja. Fundi Umeme alipanda juu kule akafanya mambo yake, na kwa mara ya kwanza nilimsikia vizuri, maana sikuwa nashindana naye. Tulipomaliza Kapteni alipita, akanipa ratiba ya mazoezi ya mwezi unaofuata. Nikaikunja nikaitia mfukoni mwa shati, upande wa moyo, nikaangalia huku na huku kama kuna aliyeniona.

Tukarudi kwa miguu, mimi, mama watoto na binti yetu. Na mimi ninavyojijua, nikishapewa kidogo napanda juu ya paa. Nikaanza kusema. Nikasema bila ile sauti ya chini bendi ingekuwa debe tupu. Nikasema huenda sasa watu watanizingatia. Kisha nikasema, "Ila binti, jambo moja linanishangaza. Safari hii nimekaa mbele yako ukanipima. Ile ya kwanza ulijuaje? Mimi mbele ya mtu sijawahi kupanda nota moja moja mpaka inayonishinda."

Binti akamtazama mama yake.

"Mume wangu," mama watoto akasema, "tangu uwekewe hayo meno, kila jioni unajifungia bafuni na tarumbeta, unafungua bomba mpaka mwisho. Ulidhani tunasikia maji?"

Nikaihamishia tarumbeta kwapa la pili.

"Tulikuwa tunazima redio," binti akasema. "Mama alikuwa anakaa na mimi pale ukutani. Ananiambia, andika zinazotoka. Zinazomkatalia ziache, usimwandikie."

Mama watoto akasema jua linachoma, twendeni. Wakatangulia. Mimi nikabaki nyuma kidogo, nimeinama, najifanya nafunga kamba za viatu, na viatu nilivyovaa siku ile havikuwa na kamba.